Matanga ya Wazima

Habari hii nilipewa na somo yangu Bi Hidaya, mwaka ule mvua zilipopitiliza mahindi yakaozea shambani. Tulikuwa barazani kwake tunachambua mchele wa hitima ya shemeji yake, na kazi hiyo hushughulisha mikono ikauacha mdomo bila ajira. Yeye naye alisimuliwa na mpwa wake aliyekuwako kwenye msiba wenyewe akiosha masufuria. Jina la nchi hakulitaja, wala sikumwuliza. Mtu akikukaribisha uji humwulizi kuni kazipata wapi.

Basi ilikuwako nchi, na nchi hiyo ilikuwa na serikali nzuri sana. Uzuri wake ni huruma. Iliona kwamba mwananchi akirudi shamba, jembe begani, kiuno kinamuuma, hawezi tena kuketi akaanza kutafuta maoni. Kwa hiyo ikaunda Wizara ya Maoni ya Wananchi. Maoni yalitengenezwa mjini, yakaiva, kisha yakatangazwa redioni kila Jumatatu asubuhi kabla ya bei za mazao. Wiki hii wananchi wamefurahi. Wiki hii wananchi wameshangazwa na maendeleo. Watu wakishasikia hujua wameamkaje, wakaenda kazini.

Waziri wa wizara hiyo aliitwa Bwana Lukundo, msomi kupita kiasi. Alipelekwa ng'ambo kabla hajang'oa meno ya utoto, akarudi ana mvi. Alijua mambo yote ya dunia isipokuwa ya kwao.

Na juu ya wote alikuwako Mtukufu Mwinyikambi, Baba wa Majeshi. Alikuwa na medali nyingi, zimejaa kifuani, zikashuka tumboni, na zilizokosa nafasi zikahamia mgongoni. Akitembea, utasikia njuga za ngoma zinakuja.

Ng'ambo ya mto palikuwa na nchi nyingine, na watu wa kule na wa huku walikuwa watani tangu mababu. Mtani, kwa asiyejua, ni mtu anayekutukana ukacheka, anayekamata kuku wako huku unamtazama, na siku ukifiwa ndiye wa kwanza kufika. Ndiye anayechimba kaburi. Ndiye anayepika. Na ndiye anayekucheka ulivyovimba uso, mpaka nawe ucheke, ule wali. Kumfukuza mtani msibani hakuna aliyewahi kujaribu.

Sasa sikukuu ya mavuno, mkuu wa ng'ambo alisimama redioni kwao akasema: "Nawasalimu watani zetu. Nasikia Baba yenu akipita mtaani, mbuzi wote humfuata, wakidhani ni beberu wao mwenye njuga."

Kwa desturi, hapo Mtukufu angejibu kwamba mkuu yule kitambi chake kiliapishwa kabla yake, na mambo yangekwisha kwa vicheko pande zote mbili. Wanasema hata alikwisha kuanza kucheka. Lakini Bwana Lukundo alikuwa karibu.

"Mtukufu, usicheke. Huo ni uchokozi wa daraja la kwanza."

"Lakini yule ni mtani wangu, Lukundo."

"Kule niliposoma hakuna kitu kama hicho. Mkuu wa nchi akiitwa beberu, jibu lake ni vita."

Mtukufu akafunga mdomo. Alifikiri kidogo, maana alikuwa mtu wa kujali watu. "Na wananchi watasemaje?"

"Watasema Jumatatu," alijibu Bwana Lukundo.

Jumatatu wananchi wakasema. Walisema kwa sauti ya yule yule anayesoma bei za mbaazi. Walisema wana kiu ya vita, na kwamba Serikali ikizidi kuwachelewesha watakosa usingizi.

*

Katika nchi hiyo alikuwako mwanamke aitwaye Bi Siwema, muuza maandazi. Alizaa watoto kadhaa, Mungu akawapenda zaidi, akabaki na Sudi. Sudi alikuwa fundi baiskeli, kijana mrefu, mpole, asiyejua kuogelea.

Lori la jeshi lilipofika mtaani lilimkuta Sudi amechuchumaa, tairi la watu mkononi. Bi Siwema alitoka jikoni na unga mpaka viwikoni.

"Mama, wanasema nimejitolea," alisema Sudi.

"Umejitolea lini?"

"Hata mimi ndiyo kwanza nasikia."

Sajenti aliyekuja na lori hakuwa mtu mbaya. Alimwambia, "Mama, furahi. Redio imesema umefurahi."

"Baba, redio yangu haina betri."

"Basi ndiyo maana," alisema sajenti kwa masikitiko ya kweli, akapanda lori.

Vijana walipelekwa ukingoni mwa mto. Mpango ulikuwa rahisi: wataingia majini na bunduki zao, na atakayefika ng'ambo atakuwa amefika. Lakini sheria ya nchi ilitaka Baba wa Majeshi aende mwenyewe mtoni, amevaa buti, aelekeze fimbo yake ng'ambo. Bila hivyo vita si halali, ni ugomvi tu. Na fimbo ilikuwa bado inapakwa rangi.

Kina mama wakaona wawahi kabla rangi haijakauka. Walikusanyika sokoni wakaandamana kuelekea mjini, wakiimba kwamba hawana kiu ya kitu chochote isipokuwa watoto wao. Hawakuwa wamepata habari kwamba mikusanyiko yote ilipigwa marufuku, isipokuwa harusi na misiba, ambayo hata Serikali ile ilikuwa haijaona namna ya kuizuia. Polisi waliwamwagia maji kwa bomba kubwa mpaka vilemba vikaruka. Jumatatu redio ikatangaza kwamba wananchi wa kike wameoga kwa shangwe.

Ikabaki hotuba. Mtukufu aliitoa uwanjani, mbele ya watu waliokuwa wameletwa na malori yale yale.

"Ndugu wananchi! Kila askari aliyeko mtoni ni mwanangu wa kumzaa! Akipigwa risasi, nimepigwa mimi! Akifa, nimefiwa mimi! Msiba wenu ni wangu, uko nyumbani kwangu!"

Uwanja ukapiga makofi. Ulikuja kwa kazi hiyo.

Bi Siwema aliisikia hotuba kwa jirani yake, Bi Mchanga, ambaye redio yake ilikuwa na betri. Alikuwa ameshika kikombe cha chai. Akakiweka chini.

"Umesikia? Msiba uko nyumbani kwake. Kasema mwenyewe."

"Kasema wakifa, Siwema. Hajasema wamekufa."

"Mtoto hajui kuogelea, kavishwa buti, kapewa chuma, ataingia mtoni, na ng'ambo anangojwa. Unataka tuambiwe nini tena?"

"Sasa ndiyo twende kumpa mtu pole mapema?"

"Kwa nini tusiende mapema? Wewe misiba yote unafika watu wanaosha vyombo, halafu unauliza kama kuna ukoko."

"Ala! Usinianze, Siwema," alisema Bi Mchanga. Lakini alikuwa ameshainuka, anatafuta mkeka.

*

Asubuhi yake kina mama walitokea barabara ya Ikulu, kanga za kufiwa kichwani, mikeka kwapani, kuni, masufuria, na gunia la mchele kwenye mkokoteni. Hawakuimba. Walikuwa wanalia.

"Mnakwenda wapi?" aliuliza mlinzi wa lango.

"Msibani, baba."

"Kafa nani?"

"Watoto wa Mtukufu."

Mlinzi alikuwa na bunduki, alikuwa na amri ya kuzuia maandamano, alikuwa na amri ya kuzuia mabango, na kulikuwa hata na amri ya kuzuia filimbi. Amri ya kuzuia waombolezaji hakuwa nayo. Tena alilelewa na bibi yake. Akavua kofia, akafungua lango pande zote mbili, na kwa kuwa wengine walikuwa wanalia naye akaona si adabu kukaa na macho makavu.

Mtukufu alikuwa anakunywa chai. Alisikia kilio, akatoka na kipande cha mkate mkononi, akakuta ua wake umejaa mikeka na moshi. Bi Siwema alimwendea, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole, baba. Pole na watoto."

"Watoto gani?"

"Wote, baba. Wote."

"Nani kawaambia?"

"Si wewe, jana, uwanjani? Kaa chini, usijitie nguvu. Mfiwa hasimami."

Wakamketisha mkekani. Na desturi ya huko ilikuwa hivi: mfiwa havai viatu, hajipambi, hanyoi ndevu, hatoki nje ya ua wala haamui jambo mpaka tanga lianuliwe. Bi Mchanga akamvua buti. Wengine wakamvua medali, mbele wakamaliza, wakamgeuza, wakavua za mgongoni. Nyumba ile ikawa kimya, na kwa mara ya kwanza tangu aapishwe Mtukufu alisikia ndege wa kwenye miti yake.

Bwana Lukundo alikuja mbio, tai imemkaa begani.

"Hakuna aliyekufa! Tawanyikeni! Hakuna aliyekufa!"

Kina mama wakamtazama kwa huruma. Katika kila msiba hutokea ndugu mmoja anayekataa kukubali.

"Mleteeni maji," alisema Bi Siwema.

"Sitaki maji! Nasema askari wote ni wazima!"

"Alhamdulillahi. Basi tuoneshe."

"Nikuoneshe nini?"

"Watoto. Msiba hauanuliwi kwa maneno, mwanangu. Tuoneshe tulionao, tukunje mikeka twende zetu."

Bwana Lukundo alimgeukia Mtukufu ili atoe amri. Mtukufu alikuwa ameshikishwa bakuli la uji.

"Siamui jambo, Lukundo," alisema. "Nimefiwa."

*

Habari za msiba haziulizi mpaka. Kesho yake simu ya upepo ikalia Ikulu, Jenerali yuko mtoni anahema.

"Adui anavuka! Adui anavuka kwa mitumbwi!"

"Ana silaha gani?" aliuliza Bwana Lukundo.

"Miiko."

"Miiko?"

"Mikubwa. Na sufuria moja ambalo sijawahi kuona mfano wake."

"Pigeni!"

Jenerali akasema polepole, kama mtu anayemweleza mgeni jina la mboga: "Mheshimiwa, hao ni watani wanakwenda msibani. Tena vijana wangu wako majini wanawasaidia kushusha mizigo."

Watani wakaingia Ikulu. Aliyewatangulia ni mama mmoja mnene, Bi Kabula, aliyepokewa langoni kwa vilio vya chini chini vya matangani. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja zilipowekwa medali, akazivaa zote. Kisha akavaa buti moja la Mtukufu, mguu wa pili pekupeku, akapanda juu ya kinu.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Kila kuku wa nyumba hii ni mwanangu wa kumzaa! Akichinjwa, nimechinjwa mimi! Akikaangwa, nimekaangwa mimi! Leteni paja la marehemu nimuage!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Mtukufu alijikaza kama inavyompasa mkuu wa nchi. Akafaulu kidogo. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akacheka, akacheka mpaka akalala ubavu, na katika kucheka kule machozi yakamtoka, na machozi yalipotoka hayakujua tena njia ya kurudi. Akalia kama mtoto.

"Mwacheni alie," alisema Bi Kabula, akashuka kinuni. "Beberu wetu huyu, nani alimwuliza kama amekula?"

Na ni kweli, hakuna aliyewahi kumwuliza. Wakamletea wali. Akala wote.

Bwana Lukundo hakula. Alizunguka ua mara hii mara ile, akihesabu balaa. Adui amefika mpaka jikoni kwa Amiri Jeshi. Amiri Jeshi yuko mkekani na jirani zake wa kiadui wanampepea. Fimbo ya vita imekauka rangi, na mtu anakorogea nayo ubwabwa. Akamwendea Bi Siwema, ambaye peke yake kati ya wote alikuwa hacheki wala hali.

"Mama, nikiwaleta askari wote hapa, mkawaona kwa macho, mtaondoka?"

"Tutaondoka."

Akapiga simu. Jenerali akauliza, kwa heshima, jeshi likija mjini nani ataulinda mto.

"Uulindwe na nani?" alipiga kelele Bwana Lukundo. "Adui yuko hapa anamenya vitunguu!"

*

Malori yaliingia jua la utosi. Vijana wakashuka, wakapangwa mistari, bunduki zimeelekea popote. Jenerali akapiga saluti.

"Kina mama!" alitangaza Bwana Lukundo. "Hawa hapa! Kagueni mjiridhishe!"

Kina mama wakakagua. Mmoja akajiridhisha, akamshika wake mkono. Wa pili akajiridhisha. Bi Mchanga akajiridhisha kwa wapwa zake wawili, kila mmoja sikio moja. Mistari ikapungua kama meno ya mzee.

Bi Siwema alipita mstari wa kwanza. Akapita wa pili. Aliwatazama mmoja mmoja usoni, wala hakuharakisha. Akafika mwisho, akarudi, akapita tena, na safari hii wengi hawakuwapo, wamekwisha kuchukuliwa. Akasimama mbele ya Jenerali.

"Wangu hayupo."

"Wote wamekuja, mama."

"Wangu hayupo."

Vicheko jikoni vikakatika. Hata Bi Kabula aliweka mwiko chini. Mtukufu akanyanyua kichwa kutoka mkekani, na uso wake haukuwa tena wa mtu aliyeshiba.

"Jina lake nani?" aliuliza.

"Sudi. Mrefu. Hajui kuogelea."

Jenerali alitazama vidole vyake vya miguu kupitia kwenye buti. "Sudi," alisema. "Sudi fundi?"

"Fundi."

"Mama, yule... mimi nilitangulia na malori. Baiskeli yangu ilikuwa na pancha. Nilimwambia aizibe, aje nayo."

Ndipo langoni pakasikika kengele ya baiskeli, na mlinzi akasema, "Pita, pole na msiba," na Sudi akaingia anaisukuma, maana kupanda baiskeli ya Jenerali bila ruhusa ni kosa. Alikuwa ametembea njia yote, akikatiza mashambani ambako lori halipiti. Buti zilikuwa zimening'inia shingoni kwa kamba, miguu imejaa vumbi.

Bi Siwema hakulia. Alikwenda akampiga kofi la mgongo.

"Ulikuwa wapi?"

"Mama, solosheni ya kiraka ilichelewa kukauka."

Kisha akakaa chini pale pale uani, na Sudi akakaa naye, na baiskeli ya Jenerali ikaanguka na hakuna aliyeijali.

Tanga likaanuliwa. Mikeka ikakunjwa. Amri ya jeshi kurudi mtoni ilitolewa kwa sauti kubwa sana, lakini waliobaki kuisikia walikuwa Jenerali, mlinzi, na buti. Vijana waliziacha buti zimepangwa mistari vizuri, kwa kuwa ni mali ya Serikali, na nchi ile watu wake walikuwa waaminifu. Watani nao wakavuka kurudi kwao. Medali walikwenda nazo, ni haki yao ya utani.

*

Bwana Lukundo aliona Jumatatu inakuja na hana maoni hata moja.

"Tuseme vita vimeahirishwa," alisema Mtukufu kutoka mkekani. Alikuwa amekataa kuinuka.

"Haiwezekani. Dunia itatucheka. Vita haviahirishwi, Mtukufu. Ila vinaweza kwisha."

"Vimekwishaje?"

"Kwa ushindi. Adui alipenya mpaka jikoni kwako, akaondoka bila kuteka hata kijiko."

"Na jeshi langu liko wapi?"

Uso ukamng'aa Bwana Lukundo, ule usomi wake wote ukakusanyika mahali pamoja. "Limekufa, Mtukufu. Lote. Kishujaa. Na ushahidi upo. Si msiba umefanyika hapa, nchi nzima imeona, watu wamekula?"

Mtukufu alijivutia shuka. "Kwa hiyo nimefiwa kweli?"

"Kweli kabisa."

"Nilijua," alisema Mtukufu, akajifunika shuka mpaka kichwani, na kabla Waziri hajamaliza kutoka mlangoni akawa amelala. Bwana Lukundo naye, alipokwisha kuandaa huzuni ya wananchi iliyochanganyika na fahari, aliegemea meza ya ofisi akapitiwa na usingizi hapo hapo.

Jumatatu ikatangazwa. Na siku hiyo hiyo, mchana, koplo mmoja kijana akapiga hodi kwa Bi Siwema. Alikuwa ametumwa kuandikisha vijana wapya wa kuulinda ushindi. Akamkuta Sudi sakafuni, bakuli la mchicha mbele yake, tonge mkononi.

"Huyu si Sudi fundi?"

"Ndiye," alisema Bi Siwema.

"Si amekufa?"

"Redio hukuisikiliza asubuhi?"

"Nimeisikiliza."

"Basi, baba."

Koplo akavua kofia. "Pole, mama. Alikuwa kijana mzuri."

"Asante," alisema Sudi, na mama yake akamfinya paja.

Koplo hakuondoka. Alitazama ugali. Alitazama miguu ya Sudi isiyo na buti, imenyooshwa raha mustarehe kama ya mtu asiyedaiwa na yeyote.

"Karibu chakula cha msiba," alisema Bi Siwema.

Akala. Alikula kwa adabu, na alipomaliza akanawa, akageuza kofia mkononi, akageuza tena. "Mama," alisema kwa sauti ndogo, "nafasi bado zipo?"

"Nafasi za nini?"

"Za huko aliko Sudi."

Bi Siwema alimtazama vizuri. Ndevu zilikuwa hazijaamua kuota. "Una mama?"

"Ninaye. Yuko kijijini."

"Nenda kwake leo leo, kabla hawajakukumbuka. Mwambie akulilie. Alie kwa nguvu, majirani wasikie, na asisahau kuwaalika watani."

Koplo akashukuru. Akatoka kwa mlango wa uani, akashika njia ya kijijini, na kabla jua halijazama alikuwa amejinyoosha kwenye kitanda cha kamba cha mama yake, analala, na mama yake uani anaanza kwikwi.

Sudi naye alijilaza pale pale alipokula. Alilala kama marehemu wa Serikali, mdomo wazi. Bi Siwema alikuwa hajafumba macho tangu siku ile ya lori. Alifunga mlango. Akakaa kwenye mkeka karibu na mwanawe, akaweka kiganja juu ya kifua chake, kikapanda, kikashuka, kikapanda, akangoja kishuke tena, kikashuka, na kwenye kungoja huko akalala.